Ninong dalali, pesa za mchezo na nyumba ya Kent: kisa cha familia moja ya Kifilipino

Kisa hiki ni cha familia ya Kifilipino huku kusini mwa Seattle. Mama ni nesi wa zamu ya usiku, baba yuko ghala la mizigo, watoto wawili wako shule, na wazee wa mama, yaani Lola na Lolo, karatasi zao za kuja Marekani zilikuwa zinakaribia kutoka. Mimi kazi yangu ni kushauri watu wanaonunua nyumba mara ya kwanza, ofisi yetu imeidhinishwa na HUD, ile wizara ya nyumba ya serikali kuu, na wateja wetu wengi ni Wakenya, Wakongo na Wasomali, siku hizi na Wafilipino wanakuja maana manesi wetu na manesi wao wanakesha wodi moja, wanabadilishana zamu na humohumo wanabadilishana siri za maisha. Huyu mama aliletwa na mwenzake Mkisii. Majina siweki na vitu vidogo vidogo nimevigeuza ili mtu asije akasema huyu namjua.

Nitamwita Ate, yaani dada mkubwa kwa Kitagalog, lugha yao, kwa sababu hata Wakenya wa wodi yake wanamwita hivyo.

Hakuja kulalamika. Alikuja na swali moja tu, mbona kila nyumba wanayoonyeshwa iko sehemu ileile? Bajeti yao ilikuwa kama dola 650,000, ambayo huku kwetu si pesa ya kutisha, lakini pia si pesa ya kukufungia mtaa mmoja. Na kweli, nilipoangalia listi ya nyumba walizotembezwa, zote zilikuwa mji wa Kent upande wa East Hill na kipande cha mji wa Renton. Covington hakuna. Maple Valley hakuna. Hata Des Moines ambako ni karibu na kazini kwa mume, hakuna.

Dalali wao sasa ndo utamu wa kisa. Ni Mfilipino mwenzao, na zaidi ya hapo ni ninong wa mtoto wao wa kwanza, baba wa ubatizo. Kwa Wafilipino huyo si mtu wa kukumbukwa Krismasi tu, ameshaingia kwenye ukoo. Walipofika Marekani yeye ndo aliwatafutia apatimenti, aliwaazima gari, alimfundisha mume njia ya kwenda kazini. Kwa hiyo walipofikia kununua nyumba hawakuuliza nani awauzie, ingekuwa kama tusi kwenda kwa mwingine.

Ate alikuwa ameona kwenye apu ya simu nyumba moja Covington, bei yao kabisa, vyumba vitano na kimoja kiko chini, hicho cha chini ndo alikuwa anakitaka kuliko vyote kwa sababu ya magoti ya Lola. Akamtumia ninong. Jibu likaja kwa meseji, na meseji ipo, nimeisoma kwa macho yangu: huko hamtajisikia nyumbani, ni Wazungu watupu, Lola atakosa wa kuongea naye, niachieni mimi nitawaweka kwa wenzetu.

Aliandika kwa mapenzi. Hilo silibishi, na Ate mwenyewe alivyokuwa ananionyesha alikuwa anatabasamu.

Sasa sheria. Sheria ya haki ya makazi ya Marekani ilisainiwa na Rais Lyndon Johnson tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa, na inakataza mtu kubaguliwa kwenye nyumba kwa rangi, dini, asili ya taifa na kadhalika, jinsia iliongezwa 1974, halafu ulemavu na kuwa na watoto vikaongezwa 1988. Watu wengi wanadhani ubaguzi wenyewe ni ule wa kufungiwa mlango usoni. Kumbe kuna huu mwingine wa kuelekezwa, dalali anakuchekea vizuri, anakufungulia mlango wa gari, halafu anakupeleka upande anaoona wewe ndo unafaa. Kanuni za HUD zinautaja huu waziwazi, na mojawapo ya mambo yaliyoorodheshwa ni kumwambia mnunuzi kwamba hatajisikia vizuri au hataendana na wakazi wa sehemu fulani kwa sababu ya asili yake. Rudi usome ile meseji ya ninong. Inakaa pale pale, ni kama ameinakili.

Mume wa Ate akaleta hoja ambayo naisikia kila wiki hata kwa watu wetu: "Lakini na yeye ni Mfilipino, atatubaguaje?" Sheria haiulizi dalali ni kabila gani. Haiulizi pia nia yake ilikuwa nzuri au mbaya kwenye jambo kama hili, inaangalia kama chaguo la mnunuzi limepunguzwa kwa sababu ya asili yake. Dalali Mkenya akimwambia Mkenya "kule usiende hakuna watu wetu" ni kosa lilelile, na jamani hili kwetu lipo, tusijifanye.

Halafu ipo hoja ya pili ambayo ni nzito zaidi na Ate aliitoa mwenyewe kwa aibu kidogo. Alisema mwanzoni kabisa wao ndo walimwambia ninong wanataka pale penye Wafilipino. Hapa watu wengi wanachanganya. Mnunuzi ana haki ya kupenda anachopenda. Ukitaka kukaa jirani na shangazi yako au karibu na kanisa lenye misa ya Kitagalog, hakuna sheria inayokukataza. Anayefungwa na sheria ni dalali. Yeye hatakiwi kuchuja nyumba kwa kabila la majirani, hata ukimwomba, na hatakiwi kukuambia mtaa huu una akina fulani na ule una akina fulani. Anachotakiwa ni kukuambia, nipe vigezo vyako ambavyo ramani na tepu vinaweza kuvipima, halafu mitaa yote inayotimiza vigezo hivyo akuwekee mezani, uchague mwenyewe. Na hata kama wao waliomba kitu fulani mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu walimtumia nyumba ya Covington, wakawa wamebadilisha ombi, na yeye akawarudisha nyuma. Kwangu mimi hapo ndo kesi ilipo, yale ya mwanzo mtu anaweza kubishana mpaka asubuhi.

Na wasidhani ni jambo la mtu mmoja mwenye moyo laini. Gazeti la Newsday la New York mwaka 2019 lilitoa uchunguzi uliochukua miaka mitatu pale Long Island, walituma watu waliofundishwa wakijifanya wanunuzi, wawili wawili, mmoja mzungu mwingine sio, pesa sawa na maombi sawa, kwa madalali 93, wakiwarekodi kwa siri. Weusi walitendewa tofauti asilimia 49 ya mara, Walatino 39, Waasia 19. Huyo wa 19 ndo ananivutia kwenye kisa hiki, maana Waasia wengi wanaamini hili haliwahusu wao, ni mambo ya weusi. Asilimia 19 ni karibu mara moja kwa kila tano. Na mbinu ya kutuma watu wa majaribio si ujanja wa magazeti tu, Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1982 kwenye kesi ya Havens Realty dhidi ya Coleman, iliyotoka maeneo ya Richmond, Virginia, ilikubali kwamba hata mtu wa majaribio aliyedanganywa kuhusu nyumba ana haki ya kushtaki.

Niliwapa na historia kidogo, maana Ate alikuwa anashangaa kwani Wafilipino nao walikuwa wanazuiwa nyumba Seattle? Walikuwa wanazuiwa sana tu. Mtaa wa Broadmoor hapo Seattle ulikuwa na hati ya mwaka 1928 iliyosema nyumba zake zisikaliwe na Myahudi wala mtu wa kizazi cha "Ethiopia", cha "Malay" au Mwasia yeyote, isipokuwa watumishi wa ndani. Huyo "Ethiopia" wa kwenye hati si wa Addis Ababa peke yake, ni mimi na wewe wote, na "Malay" ndo humo walimowaweka Wafilipino. Sentensi moja ilitufungia nje wote wawili, mimi na Ate. Alicheka sana aliposikia kwamba wangetukubali wote kama wapishi.

Na ardhi pia. Jimbo la Washington lilikuwa na sheria ya 1921 ya kuwazuia wageni wasioweza kupata uraia kumiliki ardhi, ikilenga zaidi Wajapani, halafu 1937 ikapanuliwa ili iwanase Wafilipino, ambao wakati huo nchi yao ilikuwa chini ya Marekani kwa hiyo hawakuwa raia lakini hawakuwa wageni pia. Jamaa mmoja anaitwa Pio DeCano aliyekuwa amenunua ardhi Seattle akapigana mahakamani, na mwaka 1941 mahakama kuu ya jimbo ikampa ushindi, ikasema Mfilipino si mgeni kwa maana ya sheria ile. Sheria yenyewe wapigakura walikuja kuifuta 1966 tu. Kwa hiyo ninong anaposema niachieni niwaweke kwa wenzetu, hao wenzetu hawakujikuta pale kwa bahati.

Basi tukaanza kazi. Kwanza niliwaomba waandike upya wanachotaka, bila kutaja watu, wataje vitu. Ilichukua muda. Mume alianza na "mtaa mzuri", nikamuuliza mzuri kwa maana gani, akasema salama, salama kwa maana gani, tukaenda hivyo mpaka ikatoka kwamba Ate anatoka kwenda zamu usiku na hataki kuegesha gari barabarani. Ahaa. Basi andika gereji au sehemu ya kuegesha ndani ya kiwanja. "Shule nzuri" ikageuka kuwa shule yenye masomo ya ziada ya hesabu kwa mtoto mkubwa, kitu ambacho unaingia tovuti ya wilaya ya shule unakiona, humuulizi dalali, na dalali mwenye akili hatakujibu kwa sababu "shule nzuri" na "shule mbaya" huku Marekani mara nyingi ni namna ya kutaja rangi bila kutaja rangi. Kanisa likawa dakika 20 kwa gari kutoka parokia yao. Duka likawa Seafood City iliyopo Tukwila pale Southcenter, na Jollibee, mgahawa wa kuku wa Kifilipino, ipo palepale, watoto walisisitiza iandikwe. Chumba cha kulala chini na bafu la chini. Hospitali nusu saa.

Hapa niseme kitu kuhusu madalali wengine ambao wao wana tatizo la upande wa pili. Wakishasoma kozi ya haki ya makazi wanaogopa mpaka wanakuwa hawana msaada, ukimuuliza parokia iko wapi anakuambia siruhusiwi kuzungumzia dini. Upuuzi. Kanisa ni jengo, lina anwani, na mteja ndo ameuliza. Ambacho hatakiwi ni yeye kuamua kwamba kwa kuwa wewe ni Mfilipino basi lazima ni Mkatoliki na akuchagulie mtaa kwa hilo. Kuna dalali mmoja kwenye nyumba ya maonyesho alimwambia mume wa Ate "nyinyi si mna mkopo wa wanajeshi, Wafilipino wote ni Navy!" Kweli Marekani iliandikisha Wafilipino kwenye Navy, jeshi lake la majini, kwa miaka mingi kwa mkataba wa kambi za kijeshi wa 1947, na kweli mkopo wa VA, huo wa wanajeshi, hauhitaji malipo ya awali, lakini ukoo wa Ate hauna baharia hata wa mtumbwi.

Tuje kwenye hela, maana huku ndo familia nyingi zinakwama.

Kabla ya kuja kwetu walikuwa wameshapita kwa mkopeshaji mmoja. Yule ofisa mikopo aliangalia stetimenti za benki akakuta dola 12,000 zimeingia kwa mkupuo, akauliza hizi ni nini, Ate akamwambia ni paluwagan. Paluwagan ni mchezo, upatu, chama cha mzunguko, unaita unavyoita kwenu, watu 12 wa wodini kila mmoja anatoa 1,000 kwa mwezi na kila mwezi mmoja anabeba. Ofisa akasema pesa za mtindo huo benki haizikubali, na akaongeza kwamba hizi tabia zenu za Kifilipino zinaleta matatizo. Wakaondoka. Hakuna barua, hakuna fomu.

Hapa kuna mambo mawili na yasichanganywe. La kwanza, yule ofisa alikuwa hajui kazi yake. Fannie Mae, ambao ndo wananunua mikopo mingi ya kawaida, wanakubali pesa za akiba za kikundi, na mwongozo wa mikopo ya FHA, ile inayodhaminiwa na serikali kuu, una kipengele kabisa cha vikundi binafsi vya kuweka akiba. Kinachotakiwa ni ushahidi. Kwa kawaida pesa ikiingia kwa mkupuo na ni zaidi ya nusu ya kipato chako cha mwezi wanataka kujua imetoka wapi, hilo wanafanyiwa wote, Mzungu akiuza pikipiki yake nao watamuuliza. Kwa hiyo tukakusanya: stetimenti zinazoonyesha Ate akitoa 1,000 kila mwezi, karatasi ya majina na zamu aliyoandika yule mama anayeshika mchezo, na barua yake fupi. Watu wetu wa chama sikilizeni hapa, mchezo wa fedha taslimu mkononi bila karatasi ni mzuri mpaka siku unataka mkopo wa nyumba. Pitisheni benki.

Lakini kuna mtego ambao hata Ate hakuujua. Alikuwa amebeba mwezi wa tano wa mzunguko, kwa hiyo bado alidaiwa michango ya miezi iliyobaki, na kwa Fannie Mae michango hiyo inahesabiwa kama deni. Angalia hesabu. Kipato chao kwa mwezi kabla ya kodi kilikuwa kama dola 13,300. Nyumba ya 650,000 kwa malipo ya awali ya asilimia 5, riba ya asilimia 6.75, pamoja na kodi ya nyumba, bima na bima ya mkopo, inakuja kama 4,935 kwa mwezi. Mkopo wa gari 520. Ukiongeza 1,000 ya mchezo unafika 6,455, karibu asilimia 49 ya kipato, na mfumo wa Fannie Mae dari lake ni 50. Unapumulia puani.

Na bado. Kwenye mazungumzo, nje kabisa ya mada, Ate akataja kondo, yaani apatimenti ya kununua. Kondo ipi? Kumbe wana kondo Cavite wanalipia kidogo kidogo, kama dola 380 kwa mwezi, na hawakuiandika popote kwa sababu "hiyo ni ya kwetu Ufilipino". Fomu ya mkopo inauliza mali na madeni yote, haisemi ya Marekani tu, na kuficha deni kwenye fomu ya mkopo wa nyumba ni kosa la jinai la serikali kuu, sio utani. Ikaingia. Sasa 6,835, yaani asilimia 51, mlango umefungwa.

Ila padala, ile 600 anayomtumia mama yake kila mwezi, hiyo si deni, hakuna mkataba, inabaki kuwa hiari yake. Niliwaambia mapema kwa sababu mume alikuwa ameshaanza kusema waache kutuma mpaka nyumba ipatikane, na Ate uso ulikuwa umebadilika.

Suluhisho halikuwa la akili nyingi, ni kusubiri mzunguko wa mchezo uishe. Ukiisha wanarudi 5,835, asilimia 44 hivi. Na ovataimu ya Ate, kama 1,500 kwa mwezi ambayo iko ndani ya ile 13,300, ilikuwa na historia ya miaka miwili kamili kwenye ritani za kodi kwa hiyo ikahesabika. Bila hiyo wangekuwa 49 tena.

Jambo la pili kuhusu yule ofisa ni maneno yake. Sheria ya mikopo sawa ya 1974 inamtaka mkopeshaji akikataa ombi lililokamilika atoe notisi ndani ya siku 30, na mwombaji apate sababu kwa maandishi. Ndo maana wengine wanapenda kukukatisha tamaa mdomoni, kabla hujajaza chochote, hapo haachi nyayo. Ate hakuwa na ushahidi zaidi ya kumbukumbu yake na ya mumewe. Niliwaambia waandike siku ileile wanakumbuka nini, tarehe, maneno, nani alikuwepo, na mkopeshaji atakayefuata wajaze fomu kamili, wasikubali kuongeleshwa kwenye kiti halafu wakaondoka mikono mitupu.

Dalali mpya sikumchagua mimi, siruhusiwi kumsukuma mteja kwa mtu mmoja, niliwapa majina kadhaa wakahoji wenyewe. Mkataba wao na ninong ulikuwa wa siku 60 na ulishaisha, maana jimbo la Washington tangu Januari 2024 linataka mnunuzi awe na mkataba wa maandishi na dalali wake, na muda wa kawaida ndo huo wa siku 60 usipochagua zaidi. Afadhali, ingekuwa mwaka mzima tungekuwa na kikao kingine kigumu. Ninong aliambiwa nini? Aliambiwa mume amepata dalali wa kazini kwao. Uongo mweupe, sikuuingilia.

Wakatembea. Covington, Maple Valley, Des Moines, Federal Way, Kent hiyohiyo. Ile nyumba ya kwanza ya Covington ilishauzwa zamani lakini kulikuwa na nyingine mtaa wa pili yake, wakaipenda wakatoa ofa. Mume alitaka waambatanishe barua kwa muuzaji, na picha ya familia mbele ya kanisa, watoto na barong zao, yale mashati ya heshima ya Kifilipino. Dalali akakataa na mimi nikamuunga mkono. Barua za namna hiyo zinampa muuzaji rangi, dini na idadi ya watoto wako kabla hajachagua, inaweza kukusaidia leo na ikammaliza mwingine kesho, au ikakumaliza wewe. Oregon walijaribu kuzizuia kwa sheria mwaka 2021, jaji wa mahakama ya serikali kuu akasimamisha 2022 kwa hoja ya uhuru wa kusema, kwa hiyo si kwamba huwezi kuandika. Unaweza. Mimi nakuambia peleka pesa na tarehe, picha zibaki kwenye friji.

Kwenye ofa hiyohiyo dalali wa muuzaji akapiga simu kuuliza eti kutakuwa na watu wangapi kwenye nyumba, amesikia ni familia ya vizazi vitatu. Dalali wao akamjibu kwamba ofa ina bei, ina tarehe na ina barua ya benki, hayo ndo maswali. Vizuri sana. Kwa wanaodhani wazee kukaa na watoto wao ni ushamba unaohitaji ruhusa, mwaka 1977 Mahakama Kuu ilimaliza kesi ya bibi mmoja mweusi, Inez Moore, wa East Cleveland kule Ohio, aliyehukumiwa siku tano jela na faini ya dola 25 kwa sababu ya kuishi na wajukuu wawili ambao ni watoto wa baba tofauti, mtu na binamu yake. Sheria ya mji ilisema hiyo siyo familia. Mahakama ikaitupa nje. Lola na Lolo, wajukuu na mjomba akija, ni familia.

Ofa ya Covington ilishindwa. Kwa bei tu, aliyeshinda alitoa zaidi, na sina sababu ya kuzua kingine.

Nyumba waliyopata mwishoni iko wapi? Kent. East Hill. Kama dakika sita kutoka kwenye nyumba ya pili aliyowaonyesha ninong. Nilivyowasimulia wenzangu ofisini mmoja akacheka akasema sasa mlihangaika nini mkarudi palepale. Hapana, si palepale. Waliichagua kwa sababu chumba cha chini kina bafu lake, kwa sababu ya gereji, na kwa sababu bei ilishuka dola 15,000 baada ya ukaguzi kukuta paa limechoka. Ate aliniambia Covington alipapenda lakini kutoka kule hadi hospitali usiku wa mvua aliendesha mara moja kwa majaribio na akaona hapana. Hiyo ni sababu yake, aliitoa kichwani mwake baada ya kuona na macho yake. Ya ninong ilikuwa sababu ya ninong.

Malalamiko hawajapeleka. Niliwaeleza kwamba HUD inapokea ndani ya mwaka mmoja tangu kitendo, mahakamani ni miaka miwili, na kwamba kulalamika hakulipiwi na hakuhitaji wakili. Kuhusu ofisa mikopo Ate alikuwa tayari. Kuhusu ninong alikataa katakata, akasema mtu aliyemshika mwanangu kanisani nitampeleka serikalini? Mume alitaka angalau aambiwe. Wakagombana mbele yangu kwa Kitagalog, mimi nikaangalia kompyuta.

Walichokubaliana ni mume akazungumze naye kwanza, kwa mdomo, amwonyeshe ile meseji. Nasikia alikasirika, halafu akanyamaza, halafu akauliza, kwani wateja wangu wengine nao huwa nawaambia hivi? Sijui mume alimjibu nini. Nakala ya meseji na maandishi kuhusu ofisa mikopo viko kwenye faili lao hapa ofisini, mwaka wa HUD kwa ile meseji unaisha mwezi wa tatu, na fomu ya ofisa mikopo Ate ameshaichukua, amesema ataijaza akipata wikendi isiyo na zamu.